Mashimo Matatu Mgongoni mwa Kuku

Ukiletewa kuku aliyeumwa, usimbane kifua. Ninaanza na hilo kwa sababu mimi mwenyewe nilianza kwa kulikosea. Kuku hapumui kama sisi. Kifua chake chote, pamoja na ule mfupa wa mbele, lazima kiinuke na kushuka ndipo hewa iingie. Ukimshika kwa nguvu ukidhani unamtuliza, unamnyonga.

Mwezi wangu wa kwanza kazini nilimshika kuku aliyekamatwa na paka, nikamkumbatia barabara ili Papa Cirhuza, infirmier, yaani muuguzi wa mifugo, aliyenifundisha kazi hii, amwoshe kidonda. Alimkata manyoya taratibu, akaosha, akapaka dawa. Alipomaliza akainua macho. "Nsimire," akasema, "unaweza kumuachilia sasa. Alishakufa." Mwenye kuku alikuwa amesimama pembeni anatutazama. Siku ile nilijifunza kuomba radhi kabla sijajifunza kupiga sindano.

Ninyi mnaosoma vétérinaire, udaktari wa mifugo, mnaokuja hapa kwangu Muhumba na madaftari yenu, mnataka niwaambie habari za ng'ombe. Nikianza na kuku mnaangaliana na kutabasamu. Ng'ombe mtakutana naye kwenye mtihani. Lakini katika mji huu wa vilima, ambako parcelle, viwanja vyetu, ni ndogo na nyumba zimepandiana, mnyama atakayewafanya mgongewe mlango ni kuku. Na mtu hamleti kuku kwa sababu ya nyama. Kama ingekuwa nyama, angemchinja. Ukiona amemfunga kitenge na kumbeba kama mtoto, ujue kuna jambo.

Mambo mengine ya kazi hii yanachekesha, msije mkadhani ni huzuni tupu. Jumapili moja baada ya misa, mwimbaji wa kwaya alituletea kuku aliyevimba kama mpira. Shingo haionekani, mabawa yamesimama. Alikuwa na hakika kwamba jirani amemroga. Papa Cirhuza akamgonga kuku kwa kidole, akasikiliza. "Hewa," akasema. Kuku ana mifuko ya hewa ndani ya mwili, na paka alikuwa amempasulia mmoja. Kila akipumua, hewa ilikimbilia chini ya ngozi. Papa Cirhuza akaifuta ngozi kwa dawa, akachoma kwa ncha ya sindano safi, na yule kuku akaanza kushuka polepole kama tairi la baiskeli. Alipofika ukubwa wake wa kawaida akasimama, akajikung'uta, akachafua suruali ya suti ya mwimbaji. "Amepona," akasema Papa Cirhuza, na akaenda kunawa mikono.

Kitu kikubwa alichonifundisha mzee yule ni kusoma kidonda. Alikuwa akisema muulize mwenye kuku alichokiona, halafu kiulize kidonda, na majibu yakigongana, uamini kidonda. Panya anakula miguu na matako ya kuku anayeatamia, kwa sababu kuku huyo hataki kuacha mayai. Kicheche anakwenda shingoni na kichwani. Mwewe anaacha alama za kucha pande mbili za mgongo, na mara nyingi huchukua vifaranga tu. Paka anaacha kishimo kidogo ambacho unaweza kukidharau, na siku ya tatu kuku anakufa kwa sumu ya meno yake. Mbwa anauma na kutikisa. Kwa hiyo mbwa anachana ngozi, na pembeni ya mchaniko unakuta mashimo manne ya yale meno yake marefu, mawili upande huu, mawili upande ule.

Sasa nitawaambia habari ya Maman Vumilia. Sikuwa na nia ya kuwaambia, lakini mmoja wenu aliniuliza juzi kosa langu kubwa lilikuwa lipi, nikamjibu habari ya yule kuku niliyemnyonga. Halikuwa hilo.

Maman Vumilia ni jirani yangu wa upande wa chini. Nilikuwa nimeshakwenda retraite, nimestaafu. Mchana mmoja mvua kubwa ilikuwa imenyesha, imekatika, na maji yalikuwa bado yanateremka njiani, nikamsikia anapiga hodi kwenye lango.

"Docteur, uko?"

Mimi sikuwa daktari. Nilikuwa infirmière, miaka yote. Lakini avenue nzima, mtaa wetu wote, iliniita docteur, na mtu huzoea.

"Niko. Ingia."

Alikuwa amebeba bassin, beseni, kichwani, imefunikwa kwa kitenge chenye damu. Ndani mlikuwa na yule kuku wake wa kishingo, mwekundu, asiye na manyoya shingoni. Nilimjua. Mama yake Vumilia alimletea kutoka Walungu mara ya mwisho alipokuja kumtembelea, na haukupita muda mama akafariki. Kuku wote wa parcelle ile walikuwa watoto na wajukuu wa huyu mmoja. Vumilia aliniambia siku moja kwamba akimsikia asubuhi analia baada ya kutaga, anajisikia kama nyumba bado ina mtu mzima.

"Ni mbwa ya Papa Zihalirwa," akasema. "Nilikuwa natosha ku kamba manguo yenye ililowa na mvua, nikasikia kuku nalia. Kufika, naona mukia ya kahawia tu inapita mu clôture."

"Uliona mbwa yenyewe?"

"Niliona mukia. Mbwa yenye iko natembea ovyo mu avenue hii ni ya nani ingine?"

Nikamfunika kuku kichwa kwa taulo, maana kuku akikosa mwanga hutulia, nikamweka juu ya meza bila kumbana. Nikaanza kukata manyoya kuzunguka kidonda. Yakateni, msiyang'oe, ngozi ya kuku ni nyembamba kama karatasi, na ukiyang'oa inachanika pamoja nayo. Ngozi ya mgongo ilikuwa imefunguka upana wa kiganja changu, nyama inaonekana, nyekundu na safi. Upande wa kushoto, mashimo mawili. Nikamgeuza kidogo kuangalia upande wa kulia. Shimo moja.

Nilitafuta la pili. Niliosha, nikapangusa, nikatafuta tena chini ya kila unyoya. Halikuwepo.

Mbwa wangu anaitwa Bébé. Ni mkubwa, wa kahawia, na jina hilo la mtoto mchanga linawachekesha wageni. Miaka miwili kabla ya siku ile alivunja jino refu la juu akitafuna jiwe, likaoza, na mimi mwenyewe nikaling'oa, juu ya meza ileile niliyomlaza kuku wa Vumilia. Nilitazama nje kupitia dirishani. Bébé alikuwa amelala barazani, miguu yote minne imejaa matope, na mimi sikuwa nimemfungulia lango tangu asubuhi.

"Ni mubaya sana?" Vumilia akaniuliza.

"Ni mubaya, lakini anaweza pona. Tumutunze kwanza."

Nililisema lile neno "kwanza" nikiwa na nia njema. Nilidhani nitamaliza kazi kisha nitamwambia.

Hebu niwaeleze kazi yenyewe, kwa sababu kazi niliifanya vizuri, na mtaihitaji. Maji niliyachemsha, nikatia kijiko kidogo cha chumvi kwa kila nusu lita, nikayaacha yapoe mpaka yawe vuguvugu. Nikayasukuma kwenye kidonda kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mengi, mpaka yakatoka bila uchafu. Kila shimo la jino nililiosha peke yake, kwa sababu huko ndani ndiko uchafu hujificha. Halafu dawa ya iodine, niliyoichanganya na maji mpaka ikawa rangi ya chai nyepesi. Msitie alkoholi. Inachoma nyama iliyo hai, na kuku hawezi kuwaambia.

Na sikushona. Nilipokuwa kijana niliwahi kumshona kuku aliyeumwa na mbwa, nyuzi nzuri, zimepangana kama za fundi wa mashati. Siku ya nne Papa Cirhuza alizikata zote, na usaha uliotoka ndani ulijaza kikombe. Akaniambia nilikuwa nimefungia mwizi ndani ya nyumba. Kidonda cha meno kiacheni wazi, mkipake asali safi, mkifunike kwa kitambaa chepesi ili inzi wasitage humo. Inzi ni adui kuliko mbwa. Mwaka ule dawa zilikuwa zimeadimika mjini. Pharmacie niliyoizoea ilikuwa imefunga, na nyingine zilikuwa na makartoni matupu kwenye rafu. Nilizunguka mpaka nikapata antibiotique ya kutosha siku saba, nikamwambia Vumilia asile mayai ya kuku yule mpaka nimruhusu.

Tulimweka kwenye kartoni, peke yake, jikoni kwangu karibu na mbabula, jiko la makaa, ili apate joto. Kuku wenzake wakiona damu humdonoa mpaka afe, hata wakiwa watoto wake. Maji yenye sukari kidogo, halafu uji. Vumilia alikuwa anakuja kila asubuhi na kila jioni. Ananishikia taulo, ananipa bomba, anatazama vidole vyangu.

"Docteur, Mungu alikuweka hapa," aliniambia siku ya pili.

Mtu akishakuambia maneno kama hayo, kumwambia "ni mbwa wangu" kunakuwa kuzito maradufu. Na siku ile ya pili, kabla hajafika, nilikuwa nimeshatoka nyuma ya nyumba, nimekuta mahali mvua ilipoangusha clôture, uzio wangu, nimepaziba kwa mabati na mawe. Nilifanya haraka. Hakuna aliyeniona. Hapo ndipo nilipojua kwamba sisubiri tena wakati mzuri wa kusema. Nilikuwa naficha.

Papa Zihalirwa, aliyelaumiwa, alikuwa mwalimu zamani. Anaishi peke yake mwisho wa avenue, na macho yake yamefifia. Anaona mwanga na vivuli, basi. Mbwa wake, Kapita, alikuwa na rangi ya kahawia kama Bébé. Kila Jumapili ungewaona wakienda misa, Kapita mbele, mzee nyuma, mkono wake umeshika kamba.

Jumamosi chef d'avenue, kiongozi wa mtaa, alituita mbele ya nyumba yake. Vumilia alieleza habari ya mkia. Wengine wakaongeza kwamba Kapita hufunguliwa mchana, kwamba aliwahi kumkimbiza mtu wa pikipiki. Chef akanigeukia.

"Docteur, wewe njo mwenye kujua. Hii kidonda, ni mbwa njo alimuluma kuku?"

"Ni mbwa," nikasema.

Nilijibu kile nilichoulizwa. Kila neno lilikuwa kweli. Nimelifikiria jibu lile mara nyingi, na mnapoandika ripoti zenu nawaomba mlifikirie na ninyi. Unaweza kusema kweli tupu, mbele ya watu, kwa sauti ya kitaalamu, na ukawa umedanganya.

Papa Zihalirwa alisimama, akashika kiti. "Mimi sione muzuri," akasema. "Saa ile nilikuwa nimelala, Kapita alikuwa inje. Kama docteur anasema ni mbwa, na Maman Vumilia aliona mukia, mi nitakatala na macho gani? Mutoto wa dada yangu atakuya lundi. Atamubeba kwake kule Katana."

Watu wakasema mzee amekuwa muungwana. Vumilia mwenyewe alimshika mkono na kumshukuru. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha tatu kutoka kwake, na sikusimama.

Jumatatu niliona pick-up ikishuka, Kapita amefungwa nyuma kati ya magunia. Hakubweka. Mzee alibaki amesimama njiani, uso ameuelekeza upande ambao gari halikwenda.

Nilivumilia siku tatu nyingine. Asubuhi ya siku ya tisa tangu kuku aumwe, nilifungua kitambaa na kidonda kilikuwa kizuri: nyama mpya ya waridi, yenye vipele vidogo, inayojaza shimo kutoka chini kuja juu. Hakuna harufu. Kuku alikuwa amedonoa kidole changu, na kuku anayedonoa anataka kuishi. Vumilia aliona uso wangu, akacheka kwa furaha.

"Mama angekuwa hai, angekupikia bugali na samaki leo."

"Vumilia," nikasema, "ni Bébé."

"Bébé amefanya nini?"

Nikamgeuza kuku. Nikamwonyesha upande wa kushoto, makovu mawili. Nikamwonyesha upande wa kulia, moja. Nikamwita Bébé, nikamfungua mdomo, nikamwonyesha pengo.

Alimtazama kuku kwa muda mrefu. Mimi hakunitazama.

"Ulijua tangu siku gani?"

"Tangu ulipoweka bassin kwa meza."

"Na kwa chef?"

"Nilijua."

"Na mi nikamushika Papa Zihalirwa mukono, nikamuambia aksanti."

Akachukua taulo, akamfunika kuku kichwa kama nilivyomwonyesha, akamwinua bila kumbana kifua. "Nitamutunza mwenyewe," akasema. "Nimeona vile unafanyaka." Akatoka. Kartoni akaiacha.

Siku hiyohiyo nilikwenda kwa chef, nikamweleza, na nikamwomba awaite tena watu wote. Alisema si lazima, jambo lilikuwa limekwisha. Nikamwambia kwa Papa Zihalirwa halijakwisha. Aliwaita jioni, nikasema mbele yao nilichopaswa kusema Jumamosi. Wengine walinipigia makofi kwa kuwa nimekiri. Makofi yale yaliniumiza kuliko kama wangenitukana.

Kesho yake asubuhi nilipanda gari la kwenda Katana kumrudisha Kapita. Nyumba ya mpwa wa mzee iko juu ya barabara, unaliona ziwa. Kijana yule alinipeleka nyuma bila kusema mengi, akanionyesha mti wa parachichi. Kamba ilikuwa bado imefungwa pale, ncha yake imetafunwa. Kapita aliondoka siku ya pili. Niliteremka mpaka sokoni, nikauliza wauza samaki, nikauliza walinzi wa hospitali, nikauliza watoto wa shule. Wengi walikuwa wameona mbwa wa kahawia. Mbwa wa kahawia wako wengi. Niliingia njia moja baada ya nyingine nikiita jina lake mpaka jua likaanza kuzama, na ikanibidi nirudi.

Papa Zihalirwa alikuwa amekaa mlangoni. Alinitambua kwa hatua.

"Uko peke yako," akasema.

Nikamweleza yote, pamoja na kamba. Alikuwa anapapasa ukingo wa kiti.

"Na kuku?"

"Kuku iko muzima, Papa."

"Bon." Akaacha kupapasa kiti. Halafu akasema, bila hasira, kwa sauti ya mwalimu anayerudia somo: "Mimi sione, Nsimire. Njo maana naulizaka wenye kuona."

Tangu hapo kila Jumapili nampeleka misa mimi. Anashika mkono wangu juu ya kiwiko. Mara nyingine tunazungumza, mara nyingine hatuzungumzi. Bébé sasa yuko kwenye mnyororo mchana wote, na clôture nimeijenga upya kwa matofali. Hayo ni mambo mepesi kuyatengeneza.

Kuku wa Vumilia alipona. Sikuambiwa, nilimwona mwenyewe kutoka juu ya ukuta. Manyoya yalirudi mgongoni, machache na yaliyopinda, na akaanza tena kutaga. Nilikagua kovu lile kwa macho kutoka mbali na nikaona kwamba Vumilia alikuwa amefanya kazi safi, hata pembeni ambako mimi huwa na haraka. Lakini kunisalimia hakunisalimia. Tulikutana kwenye bomba la maji, tulikutana kanisani, alinipita kama mtu anavyopita nguzo ya umeme. Sikumlaumu. Ilikuwa hivyo karibu nusu mwaka.

Kisha asubuhi moja nikasikia lango linagongwa. Alikuwa amesimama nje na bassin, safari hii ameishika mikononi, kwenye tumbo. Ndani mlikuwa na jogoo mdogo, damu imeganda chini ya bawa. Nikasema ingia. Hakuingia.

"Sema kwanza ni nini ilimuluma," akasema. "Kisha utatunza."

Nikatoka mpaka pale alipo, nikainua bawa. Shimo moja, dogo, kavu. Nikaangalia upande wa pili, nikaangalia shingo, nikaangalia miguu. Nikanusa. Alikuwa ananitazama usoni, si mikononi.

"Sijui," nikasema.

"Haujui?"

"Hapana. Inaweza kuwa paka. Inaweza kuwa musumari ya bati. Sione kitu ya kunihakikisha."

Kisha akapita mbele yangu, akaweka bassin juu ya meza, akakunja mikono ya blauzi yake.

"Maji iko ya moto?" akauliza.